Maji Yachemkapo Mapema: Injini za Alumini katika Milima ya Eldoret

Barabara ya kutoka Bonde la Kerio kupanda Tambach hadi Iten haina huruma na injini. Chini, karibu na mto, uko mita elfu moja na ushei juu ya usawa wa bahari na jua linachoma. Juu, Iten, uko mita 2,400 na watu wamevaa makoti mchana kweupe. Kati ya hapo ni kona juu ya kona, gia ya pili kwa sehemu kubwa, na ya kwanza ukikwama nyuma ya lori. Msimu wa maembe, Probox moja hupanda hapo ikiwa na abiria kuzidi mikanda iliyomo, magunia nyuma, na mengine yamefungwa juu ya keria. Kinachosukuma mzigo huo wote ni injini ya lita moja na nusu ambayo bloku yake, yaani ule mwili unaobeba silinda, imesubiwa kwa alumini.

Ndiyo maana katika gereji za Eldoret, kuanzia Langas hadi Kipkaren na kando ya barabara ya Uganda, kuna swali lisilokauka: bloku ya alumini inadumu kweli? Wazee waliolelewa na Peugeot na Datsun hawana subira nalo. Kwao injini ya alumini ni ya kutumia na kutupa. Vijana wenye Fielder zilizotembea kilomita laki tatu bila hedi, yaani ule mfuniko wa juu ya bloku, kufunguliwa huwacheka. Kila upande una ushahidi wake, ila nadhani kila upande unajibu swali lake. Mzee anauliza kama injini ikifa itafufuka. Kijana anauliza kama itakufa. Halafu kuna jambo la tatu ambalo ni la Eldoret hasa, nalo ni mwinuko wa jiji lenyewe, na hilo wengi hulipita bila kulitazama.

Tuanze na bloku. Injini iliyoenea mno katika magari madogo ya huku ni 1NZ-FE ya Toyota, ile ya Probox na Fielder, na ya Vitz, Ist, Platz, Premio na Allion nyingi za lita moja na nusu. Ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,497, na kipenyo cha kila silinda ni milimita 75. Wengi hudhani kuwa pistoni ya injini hii hupanda na kushuka ndani ya alumini tupu. Sivyo. Ndani ya kila tundu mna laina, bomba jembamba la chuma cha kusubu, na ringi za pistoni husugua hapo tu. Kiwandani laina nne husimamishwa ndani ya kalibu, kisha alumini iliyoyeyuka hushindiliwa kuzizunguka. Upande wa nje wa laina umejaa vinundu ili alumini ikishaganda isiachane nayo.

Kwa hiyo mtu akilalamika kuwa injini yake inakula oili na kutoa moshi wa buluu, asiilaumu alumini. Uso unaosuguliwa ni chuma kilekile walichokijua babu zetu. Ringi zikikaza kwa masizi, au silinda ikisagika kwa sababu kichujio cha hewa kimetoboka na vumbi la Burnt Forest limeingia, injini ya chuma na ya alumini zitaumwa ugonjwa mmoja.

Tofauti iko kwenye joto. Alumini ni nyepesi: lita moja ya alumini ina uzito wa kilo 2.7, ya chuma cha kusubu inapita kilo saba. Hupitisha joto karibu mara tatu ya chuma cha kusubu, na hilo ni jema, kwa sababu joto la silinda hufika kwenye maji upesi. Lakini pia hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na huyeyuka kwenye digrii 660 wakati chuma cha kusubu kinavuka 1,100. Tena haihitaji kufika kuyeyuka ili iharibike. Aloi zinazosubiwa bloku zikikaa juu ya digrii 200 hulegea, na ugumu uliopotea haurudi injini ikipoa. Ni tabia ya sufuria jikoni: inashika moto upesi, inapoa upesi, na ukiisahau motoni maji yakaisha, hiyo si sufuria tena.

Hapa niruhusu jambo la pembeni. Huko chini Kimwarer, katika bonde hilohilo la Kerio, kwa zaidi ya miongo minne kulichimbwa fluospa, madini ambayo kazi yake moja kubwa duniani ni kutengeneza kemikali za kuyeyushia alumini viwandani. Mzigo ulisafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa. Mgodi ulisimama 2016 na mkataba wa kampuni ukaisha 2018. Kenya hatuna kiwanda cha kutoa alumini kwenye udongo wake, lakini si ajabu chembe za Kerio zilishiriki kuzaa baadhi ya bloku zinazohangaika leo kulipanda bonde.

Sasa maji. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni chini kidogo ya asilimia 80 ya lile la Mombasa, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 93 za Selsiasi badala ya 100. Timboroa, kwenye njia ya kwenda Nakuru, ambako mwinuko unapita mita 2,700, huchemka kwenye 91.

Madereva wengi huona kifuniko cha rejeta kama kizibo cha kuzuia maji yasimwagike. Kitazame vizuri. Chini yake mna mpira wa duara na springi, na ubavuni au juu pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hilo ndilo shinikizo ambalo kifuniko hulizuia ndani kabla ya kuachia maji yaende kwenye chupa ya akiba. Kifuniko kikiwa kizima, maji ya rejeta Mombasa huvumilia hadi digrii 120 hivi kabla ya kuchemka, na ya Eldoret hadi 116 au 117. Tofauti haina madhara. Lakini mpira ukikauka ukapasuka, au springi ikilegea, mambo hubadilika. Mombasa maji yatachemka kwenye 100. Eldoret yatachemka kwenye 93. Na feni ya umeme ya magari mengi huamriwa izunguke injini ikifika mahali fulani kati ya digrii 90 na 100. Hesabu ni rahisi: pwani feni huwahi, na kwetu maji yanaweza kuwa yameshachemka kabla feni haijaamka.

Yakichemka, kinachofuata hakina kelele. Mapovu ya mvuke huanza pale penye moto mkali, kuzunguka vichwa vya laina na njia za kutolea moshi. Mvuke haubebi joto kama maji, kwa hiyo metali iliyozungukwa na povu hupata joto zaidi, nayo huzaa povu zaidi. Maji yanasukumwa nje kwenye chupa, chupa inajaa, yanamwagika barabarani. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana geji ya joto. Yana taa mbili tu, ya buluu kwa injini baridi na nyekundu kwa injini iliyozidi moto. Maji yakishuka chini ya kipima joto, chombo hicho hubaki kikipima mvuke na hewa, na taa nyekundu huchelewa. Wakati mwingine haiwaki kabisa.

Dereva angepaswa kuhisi gari limekosa nguvu. Lakini huku nani atashtuka kwa hilo? Hewa nyepesi ya mwinuko huu imeshamnyang'anya karibu sehemu moja ya tano ya nguvu za injini, na akiwa anapanda mlima na mzigo, gari kuvuta kwa shida ni mazoea. Huongeza mafuta tu. Akifika juu anasikia harufu tamu ya maji ya rejeta, anazima injini, anafungua boneti. Hapo huja kosa la mwisho, la kumwaga maji baridi kwenye injini yenye moto mkali. Hedi iliyotanuka hujikunja ghafla, na kama ilikuwa haijapinda, sasa inapinda.

Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa alumini Eldoret ni za kifuniko cha shilingi mia kadhaa.

Zilizobaki nyingi ni za maji ya mtoni na za thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa bado baridi. Sijui ni nani aliyeeneza imani kwamba thamostati ni kifaa cha nchi za baridi na fundi mzuri huitoa gari likishuka tu melini. Eldoret yenyewe ni ya baridi. Asubuhi za Julai huwa kama digrii 10. Injini isiyo na thamostati huchukua muda mrefu mno kupata moto wake, na kompyuta ya gari ikiona injini ni baridi huendelea kuongeza petroli. Petroli isiyoungua husafisha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye bakuli la oili. Mvuke wa maji unaotokana na mwako huganda kwenye laina na kuchanganyika na tindikali. Ndivyo silinda zinavyosagika bila gari kuwahi kuchemka hata mara moja, na mwenye gari hushangaa injini "ya Japan" kula oili kabla ya wakati.

Kuhusu maji, gari jingi huja kutoka Japan likiwa na kulanti ya rangi ya waridi, ambayo Toyota huipa kilomita 160,000 kabla ya kuibadilisha mara ya kwanza. Ndani yake mna dawa za kuzuia kutu. Gari linafika, hozi inavuja kidogo, na maji ya bomba au ya mto Sosiani yanaongezwa. Mwaka ukiisha rejeta ina maji ya chai. Chuma cha kawaida kikiliwa na kutu huonya, maji hugeuka mekundu. Alumini huliwa kimyakimya kwa unga mweupe, hasa kuzunguka matundu ya maji pale hedi inapokutana na bloku. Gasketi ikitolewa baada ya miaka michache unaona ukingo wa tundu umemomonyoka kuelekea kwenye silinda. Hapo hata gasketi ya kiwandani haina pa kushikilia.

Wazee nao wana haki yao, na haki yao inaitwa Peugeot 504. Gari hili lilikuwa likiunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi neno "Peugeot" katika stendi za Bonde la Ufa lilimaanisha gari la abiria la masafa marefu, la kwenda Nakuru, Kitale au Nairobi. Bloku yake ilikuwa ya chuma, hedi ya alumini, na laina zake zilikuwa za maji. Maana yake ni kwamba laina ilisimama peke yake ndani ya bloku, imezungukwa na maji moja kwa moja, imebanwa juu na hedi na kuzibwa chini kwa ringi ndogo. Injini ikichoka, fundi alinunua seti ndani ya sanduku: laina nne, pistoni nne, ringi zake. Alitoa hedi, akang'oa laina za zamani, akashusha mpya, akapima zimechomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku, akafunga. Hapakuwa na haja ya mashine ya kukereza. Kazi ilifanyika chini ya mwembe au kando ya barabara, na injini ilikuwa mpya kwa maana halisi ya neno.

Aliyeyaona hayo hawezi kuipenda 1NZ. Lakini tusichanganye mambo mawili. Urahisi ule haukuletwa na chuma, uliletwa na mchoro. Mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally kwa Peugeot 504 Coupé ya silinda sita, na bloku ya injini ile ilikuwa ya alumini, yenye laina za maji. Ilipita kwenye vumbi na matope yaleyale. Mwaka 1994, Ian Duncan aliposhinda na Toyota, Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Subaru Impreza, gari ambalo injini yake ni ya alumini yenye laina za chuma zilizosubiwa ndani. Subaru bado zimejaa Eldoret, na wamiliki wake ni watu wa imani kali.

Karakana za mashine za Eldoret nazo zililelewa na chuma. Mteja wao mkubwa alikuwa mkulima wa ngano na mahindi wa Uasin Gishu, mwenye Massey Ferguson yenye injini ya Perkins. Laina zake ni kavu, hazigusi maji, zinashindiliwa ndani ya bloku nzito ya chuma kwa presi. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi, wakati wa kulima, trekta haliwezi kungoja spea kutoka ng'ambo. Laina inang'olewa, nyingine inaingizwa, inakerezwa hadi kipimo cha pistoni, kesho yake trekta liko shambani. Wazo kwamba injini inaweza kuwa haikerezwi lilikuwa tusi kwa watu hawa.

Na Toyota ndivyo inavyosema. Katika maelezo ya injini za NZ imeandika wazi kuwa laina ni nyembamba na silinda haikerezwi. Haiuzi pistoni za saizi kubwa. Silinda ikivuka kipimo, badilisha bloku nzima. Japan jambo hilo lina mantiki, kwa kuwa gari huondolewa barabarani kabla bloku haijachoka. Kwa kukubali laina nyembamba, silinda zinakaribiana, injini inakuwa fupi na nyepesi, gari linakula mafuta kidogo. Mhandisi wa Toyota hakuwa anafikiria gari litakaloanza maisha ya pili likiwa na miaka saba. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo karibu kila gari dogo linaloshuka Mombasa siku hizi lina bloku ya alumini. Hatuchagui tena.

Sifa mbaya ya alumini, hata hivyo, si uzushi mtupu. Mwaka 1970 kampuni ya General Motors ilitoa Chevrolet Vega yenye bloku ya alumini isiyo na laina kabisa. Aloi yake ilikuwa na silikoni nyingi, kama asilimia 17, na chembe hizo ngumu ndizo zilizotarajiwa kubeba ringi. Injini zikachemka, silinda zikachanika, oili ikaliwa, na jina la alumini likachafuka Marekani nzima. Kabla ya hapo kampuni hiyohiyo ilikuwa imetengeneza injini ya Buick ya silinda nane ya alumini, ikaichoka, na mwaka 1965 ikawauzia Waingereza wa Rover haki zake. Ndiyo iliyoingia kwenye Range Rover mwaka 1970. Rover walibadilisha jinsi ya kuweka laina: badala ya kusubiwa ndani, zikawa zinashindiliwa baadaye. Waliomiliki Range Rover za zamani wanaujua mlio wa laina iliyolegea, tok-tok ambayo haiishi kwa oili yoyote. Kisha miaka ya 1990 BMW wakajaribu kupaka silinda za alumini utando mgumu wa nikeli na silikoni. Petroli yenye salfa nyingi katika nchi kadhaa ikaula utando huo, na injini nyingi zikabadilishwa zikiwa bado changa.

Toyota ilijifunza kutokana na masikitiko ya wengine. Laina ya chuma iliyosubiwa ndani ya alumini ndilo jibu lililovumilia kuliko yote hayo.

Lakini swali la mzee bado liko mezani: ikishakufa? Karakana kadhaa hukubali kuiwekea 1NZ laina mpya, kitabu kiseme kisemavyo. Laina ya zamani hukerezwa yote ikaisha, tundu la alumini linatayarishwa, bloku inapashwa moto kwenye oveni, laina mpya inapoozwa, kisha inashushwa kwa mkono mmoja, haraka, kabla hazijakaribiana joto. Ugumu wake uko kwenye tarakimu ndogo. Chukua tundu la milimita 80. Injini ikipanda joto kwa digrii 80, alumini hutanuka kama sehemu 13 za mia za milimita, laina ya chuma kama saba. Zile sita zinazobaki ni pengo linalotaka kufunguka kila siku gari likipata moto. Fundi akiwa amebana laina kwa kipimo alichozoea kwenye Perkins, ambapo chuma kimebanwa na chuma na vyote vinatanuka pamoja, kazi yake itakuwa safi asubuhi na italegea mchana. Akibana kupita kiasi, kuta nyembamba kati ya silinda zitapasuka. Wapo wanaoipata. Nimeona bloku zilizofanywa hivyo zikirudi kubeba abiria. Ila ni kazi ya mikromita, si ya jicho, na wenye vipimo vya mikromita hawajai mji.

Hedi iliyochemka nayo ina mtihani wake. Fundi makini huigeuza juu ya benchi, anaifuta kwa kitambaa chenye petroli, analaza rula ya chuma kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha anapitisha kibamba chembamba cha kupimia chini yake. Kikipita cha sehemu tano za mia za milimita, hedi imepinda. Inapelekwa kuskimiwa, sawa. Lakini wachache hulaza rula hiyohiyo kwenye bloku, ambayo nayo hupinda. Na wachache zaidi huchunguza nyuzi za bolti za hedi. Hizo zimekatwa kwenye alumini, na kama bloku ililegezwa na moto, bolti itakazwa hadi kipimo, itaonekana imeshika, kisha siku ya pili ya kupanda Tambach itang'oka na nyuzi zake. Mwenye gari ataambiwa gasketi ilikuwa feki.

Kosa jingine ni la kupima kompresheni kwa kitabu. Vitabu vya Kijapani viliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini ambayo Mombasa ingesoma pauni 200 kwenye geji, hapa itasoma kama 160 ikiwa na afya ileile, kwa sababu hewa inayoingia silinda ni pungufu kwa kiasi hicho. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuhukumu injini nzima imechoka na kumuuzia mteja nyingine. Kipimo cha kuaminika Eldoret ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Zikiwa zote 160, usifungue kitu. Tatu zikiwa 160 na moja 110, kuna jambo.

Na "kumuuzia nyingine" ndiko magari mengi yanakoishia. Injini za mtumba kutoka Japan zimepangwa madukani zikiwa zimefungwa nailoni, na kwa hesabu za mwenye matatu siku mbili za kubadilisha injini ni nafuu kuliko wiki mbili za kungoja karakana. Mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, inataka namba ya injini mpya iingizwe kwenye rekodi za gari, jambo ambalo wengi huliahirisha hadi siku ya kuuza. Bloku iliyokufa huenda kwa wauza vyuma chakavu, biashara ambayo tangu 2015 ina sheria yake na ambayo Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku kwa miezi kadhaa, baada ya minara ya umeme kuharibiwa. Chuma cha bloku za zamani kilikuwa na bei ya kusikitisha. Alumini ina soko, na mafundi wa jua kali huiyeyusha pamoja na pistoni na kusubu sufuria za ugali. Ningependa kuwaambia wanunuzi wa sufuria hizo kwamba utafiti uliofanywa Cameroon ulikuta risasi ikitoka kwenye vyungu vya alumini chakavu, lakini hilo ni makala ya siku nyingine.

Anayenunua injini ya mtumba hana njia ya kujua ilichemka au la, ila dalili chache zipo. Afungue kifuniko cha oili: utando wa kahawia ni wa kawaida, ute mweupe si wa kawaida. Atazame tundu la hozi ya maji kwa tochi, kama alumini ni safi au imemomonyoka. Aangalie kama bolti za hedi zimewahi kushikwa na spana, rangi yake ikiwa imechubuka. Muuzaji akikataa iwashwe ikiwa baridi, kuna duka lingine hatua chache mbele.

Kisha aangalie fundi anarudisha nini. Injini ya mtumba hufika bila rejeta. Katika gereji nyingi rejeta inayofungwa ni ileile iliyokuwa kwenye gari, imeziba nusu kwa matope ya maji ya mtoni, na hozi zake zilezile, na kifuniko kilekile ambacho mpira wake ulipasuka zamani. Thamostati iliyokuja na injini hutolewa na kutupwa kwenye debe. Mteja ameshalipa makumi ya maelfu ya shilingi, na fundi anaona aibu kumwongezea orodha. Aombe orodha hiyo yeye mwenyewe: rejeta ioshwe au ibadilishwe, kifuniko kipya chenye namba iliyo kwenye kile cha zamani, thamostati irudi mahali pake, kulanti iwe kulanti. Kisha gari lipelekwe Iten na kurudi likiwa tupu, kabla ya kupakiwa gunia hata moja.